Kumuuguza nyumbani aliyepasuliwa na anayepata kemo: hatua za kufuata ukiwa Nairobi

Mwongozo huu ni wa yule anayebaki na mgonjwa: mke, mwana, dada, au mpwa aliyetoka mashambani kuja kusaidia. Wodini kuna muuguzi wa zamu. Nyumbani Kayole, Kawangware au Lang'ata, zamu zote ni zako, na mara nyingi hakuna aliyeketi nawe akakueleza la kufanya.

Wagonjwa wengi wa saratani hupitia yote mawili. Hupasuliwa kwanza, kisha kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, huanza wiki chache baadaye, kovu likiwa bado changa. Ndiyo maana sitatenganisha habari za kidonda na habari za kemo. Na lililo kubwa kuliko yote nalisema sasa hivi, usije ukaishia njiani kabla ya kulifikia: mgonjwa aliye kwenye kemo akipata joto la digrii 38 au zaidi, hiyo ni dharura ya usiku huohuo, hata kama anaongea na kucheka. Mengine unaweza kuyasoma polepole.

Hatua ya 1: Usiondoke wodini na maswali

Siku ya kuruhusiwa huwa na haraka nyingi. Kuna bili, kuna dawa za kuchukua, kuna gari linalosubiri nje. Hapo ndipo maelezo hupotea. Kabla hujafunga mkoba, mwombe muuguzi dakika kumi mkae pamoja na ile fomu ya kuruhusiwa. Muulize mgonjwa alipasuliwa wapi hasa na nini kilitolewa. Nyuzi zitatolewa lini, au ni zile za kuyeyuka zenyewe? Dawa ipi ni ya kumaliza yote, na ipi ni ya kumeza akiumwa tu? Tukipata shida saa nane za usiku, tumpigie nani? Nambari ya wodi au ya kliniki ya saratani iandikwe kwenye fomu yenyewe, maana vikaratasi hupotea.

Kisha sema hivi: "Sista, naomba nibadilishe bendeji mwenyewe ukiniangalia." Ni ombi la kawaida, na muuguzi yeyote anayejali atafurahi kulisikia. Ukishakifunga kidonda mara moja kwa mikono yako mbele ya mtu anayekurekebisha, woga wa nyumbani hupungua sana. Kama mgonjwa ametoka na mpira wa kukusanya maji ya kidonda, mpira wa mkojo, au mfuko wa choo tumboni, usikubali kuondoka kabla hujaumwaga na kuufunga mara moja ukiangaliwa.

Habari ya malipo pia imalizwe hapo. Bima ya afya ya NHIF iliondoka, na tangu Oktoba 2024 ni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Hakikisha mgonjwa amesajiliwa na mchango wake umelipwa. Usajili hufanyika kwa simu kupitia *147#. Kila hospitali kubwa ya umma ina afisa wa ustawi wa jamii. Mwone mapema, kabla deni halijawa kubwa, umweleze hali yenu bila aibu.

Safari ya kurudi: kwa aliyepasuliwa tumbo, kifua au nyonga, bodaboda haifai kabisa, na matatu ya saa za msongamano karibu haifai. Kama hamna gari, afadhali kulipa teksi mara moja. Weka mto mdogo kati ya tumbo na mkanda wa gari. Kwenye matuta mtauona umuhimu wake.

Hatua ya 2: Andaa chumba na vifaa

Ghorofa nyingi za Nairobi hazina lifti. Mtu aliyepasuliwa tumbo akipanda ngazi hadi orofa ya tano, hatashuka tena kwa urahisi siku ya kliniki wala usiku wa dharura. Kama mna ndugu anayeishi chini, mwombeni awapokee kwa wiki mbili. Najua ni ombi zito, lakini huombwa mara moja tu na hupunguza mateso mengi.

Kitanda kisiwe chini sana, maana kuinuka kutoka godoro lililo sakafuni huvuta nyuzi. Weka ndoo yenye kifuniko karibu kama choo ni cha pamoja na kiko mbali. Weka tochi, kwa sababu stima itapotea siku usiyoitaka. Maji yawepo kwenye mitungi iliyofunikwa, na ya kunywa yachemshwe: yakishatokota, yaache dakika moja hadi tatu, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa.

Kwenye duka la dawa, nunua kipimajoto cha dijitali, glavu, shashi zilizofungwa kila moja kwenye karatasi yake, plasta, na sirinji isiyo na sindano ya kupimia dawa ya maji. Tenga beseni la mgonjwa peke yake, lisifuliwe nguo za wengine ndani yake. Kama pesa hazitoshi kwa vyote, anza na kipimajoto. Hicho kimoja kinaweza kuokoa maisha, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na siku moja ya kulazwa.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Daftari la kawaida la mwanafunzi linatosha. Ukurasa wa kwanza uandike jina na umri wa mgonjwa, tarehe ya upasuaji na aina yake, tarehe ya kemo ya mwisho na majina ya dawa alizopewa, magonjwa mengine kama kisukari au presha, dawa zote anazomeza sasa, na dawa yoyote inayomdhuru. Kila kemo inapopita, badilisha tarehe.

Kurasa zinazofuata ni za kila siku. Asubuhi na jioni andika joto, maumivu kwa kipimo cha sifuri hadi kumi kama anavyosema yeye mwenyewe, alichokula, mkojo, choo, na kidonda kinavyoonekana. Maneno machache yanatosha: "Jioni, 37.1, maumivu 4, amekula uji na yai, choo hakuna siku ya pili, kidonda kikavu."

Faida yake utaiona kwenye chumba cha dharura. Daktari wa zamu hamjui mgonjwa wako, na faili lake huenda liko hospitali nyingine kabisa. Ukurasa wa kwanza humwambia kwa nusu dakika mambo ambayo angeyatafuta kwa saa nzima. Zile kurasa za ndani nazo humwonyesha kama hali imeharibika ghafla au imekuwa ikishuka kidogo kidogo.

Hatua ya 4: Kidonda

Bendeji ya kwanza, iliyowekwa chumba cha upasuaji, kwa kawaida huachwa mahali pake kwa saa 48 isipokuwa imelowa damu au umeelekezwa vingine. Baada ya hapo fuata ratiba mliyopewa. Kuifungua mara tatu kwa siku ili "kuangalia" huingiza uchafu zaidi ya kusaidia.

Siku ya kubadilisha, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa sekunde 40 hadi 60, katikati ya vidole na chini ya kucha. Kama bomba halina maji, mtu mwingine akumiminie kwa kikombe. Kuchovya mikono ndani ya beseni hakutoshi. Toa bendeji ya zamani ukiwa na glavu, uitupe, nawa tena, kisha vaa glavu nyingine. Ikiwa shashi imegandamana, ilowanishe kwa maji ya chumvi na usubiri. Usiivute.

Maji ya chumvi hutengenezwa hivi: chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, koroga, funika, acha yapoe. Yaliyobaki yamwage baada ya saa 24. Futa kutoka kwenye kidonda kuelekea nje, kila shashi mara moja. Kausha kwa kugusa taratibu, kisha funika.

Kuna vitu watu hutia kwenye vidonda kwa nia njema: spiriti, unga wa kapsuli ya antibiotiki, dawa ya meno, majivu, majani yaliyopondwa. Vyote viache. Unga wa kapsuli ndio hunisumbua zaidi kwa sababu unaonekana kama dawa halisi. Hautengenezwi kwa ajili ya kidonda. Huganda, huficha kinachoendelea chini yake, na huwapa vijidudu nafasi ya kuzoea dawa.

Angalia nini? Wekundu kidogo ukingoni, uvimbe mdogo na majimaji mepesi siku za mwanzo ni kawaida. Dalili za kuingiwa na vijidudu kwa kawaida hujitokeza baada ya siku kadhaa, nazo zinaweza kuchelewa hadi siku 30. Ngozi hupata joto, wekundu husambaa, maumivu yaliyokuwa yanapungua huanza kupanda tena, usaha au harufu hutokea. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono kuhisi joto na ulinganishe na ngozi ya upande wa pili. Ukishuku, chora mstari kwa biro kuzunguka ukingo wa uvimbe na uandike saa. Uvimbe ukivuka mstari kufikia jioni, mpeleke hospitali.

Nyuzi za usoni hutolewa kati ya siku ya 3 na ya 5, za tumboni kati ya 7 na 10, za kwenye maungio kati ya 10 na 14. Mwenye kisukari au aliyekonda sana anaweza kuongezewa siku.

Kwa mama aliyetolewa titi, mpira wa maji ya kidonda humwagwa na kupimwa mara mbili kwa siku, na kiasi huandikwa daftarini. Mara nyingi daktari huutoa maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku. Usimruhusu mtu autoe nyumbani. Na mkono wa upande ule uliopasuliwa usipimwe presha wala kudungwa sindano pasipo ushauri wa daktari wake, hasa kama tezi za kwapani zilitolewa.

Hatua ya 5: Mapafu, miguu, tumbo

Mgonjwa anayelala kutwa nzima kwa kuogopa kidonda anajitafutia nimonia na damu kuganda miguuni. Saratani na upasuaji, kila kimoja kwa nafasi yake, huongeza hatari ya damu kuganda. Vikikutana, hatari ni kubwa zaidi.

Kila saa akiwa macho, avute pumzi ndefu mara kumi, azuie kidogo, atoe polepole. Kisha akohoe akiwa amekumbatia mto juu ya tumbo. Mto huo huzuia kidonda kuvutwa, naye hupata ujasiri wa kukohoa vizuri. Kitandani achezeshe nyayo juu na chini. Atembee chumbani, kisha kwenye korido, kila siku mbali kidogo kuliko jana. Mtungi wa maji, mtoto, na gunia la mkaa asiviinue kwa wiki sita baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo.

Asiyeweza kugeuka mwenyewe, mgeuze kila saa mbili, ukitazama visigino, nyonga na mfupa wa chini ya mgongo. Sehemu ikibaki nyekundu au yenye rangi iliyokolea hata baada ya kumgeuza, kidonda cha kulalia kinaanza.

Chakula, isipokuwa kama amepasuliwa utumbo na mmepewa masharti maalumu, kiwe kidogo na mara nyingi. Mwili unaotengeneza nyama mpya unahitaji protini: mayai yaliyoiva, ndengu, maharagwe, omena, samaki, maziwa. Mchuzi mtupu haujengi kidonda, hata ukiwa mtamu kiasi gani.

Hatua ya 6: Siku za kemo

Kemo huua seli zinazokua haraka, na miongoni mwake ni zile za mdomoni, za utumbo, za nywele, na za damu zinazopigana na vijidudu. Ukijua hilo, karibu kila utakaloliona linaeleweka: vidonda vya mdomo, kuhara, nywele kutoka, uchovu, na kuambukizwa kwa urahisi.

Kwa saa 48 baada ya dawa, mkojo, kinyesi na matapishi bado vina mabaki yake. Vaa glavu unapovishika. Choo cha kuvuta maji kifungwe kifuniko na kivutwe mara mbili. Kwenye choo cha pamoja cha ploti, mwaga maji ya kutosha, na ufute mahali palipodondokewa. Mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake. Mjamzito asifanye kazi hii.

Mdomo usukutuliwe mara nne au zaidi kwa siku, na hasa baada ya kula: kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha baking soda, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Mswaki uwe laini. Kama hawezi kumeza hata maji kwa sababu ya vidonda, piga simu kliniki.

Dawa ya kutapika imezwe kabla kichefuchefu hakijashika kasi. Familia nyingi huihifadhi "mpaka azidiwe", na akishazidiwa anaitapika.

Askari wa damu, yaani zile seli zinazopigana na vijidudu, kwa kawaida huwa wachache zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo. Zungushia siku hizo duara kwenye kalenda. Katika siku hizo kachumbari, mayai mabichi na maziwa yasiyochemshwa yakae mbali. Chakula kiive na kiliwe kikiwa moto. Wageni wa kanisani na wa chama ni baraka, lakini mwenye mafua asalimie kwa simu, na wengine wanawe mikono na wakae muda mfupi. Usione haya kusema hivyo mlangoni. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuwaambia watu wazima waliokuja kumwombea kwamba waondoke, kwa hiyo kazi hiyo ni yako.

Mitishamba: kama anatumia au mnataka atumie, mwambieni daktari wa saratani waziwazi, mkienda na kile kifurushi chenyewe. Baadhi huharibu ini au hugongana na kemo, na daktari hawezi kumlinda dhidi ya kitu asichokijua.

Hatua ya 7: Joto likipanda

Hapa naomba usome kwa makini kuliko mahali pengine.

Mtu mwenye askari wa kutosha wa damu akiingiwa na vijidudu, mwili hupigana: usaha hutokea, kidonda huvimba, kikohozi huleta makohozi. Aliyeishiwa na askari hao hana vita vya kuonyesha. Kidonda chake kinaweza kuonekana kizuri na kifua kikasikika safi huku vijidudu vikisambaa kwenye damu. Mara nyingi joto ndilo ishara pekee, na kutoka joto hadi presha kuanguka kunaweza kupita saa chache tu. Lengo la hospitali zinazohudumia wagonjwa hawa ni kumpa antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja tangu afike. Saa zile ulizokaa nyumbani ukisubiri kupambazuke hazimo katika hesabu hiyo.

Pima hivi. Kama amekunywa chai au maji baridi, subiri nusu saa. Weka kipimajoto chini ya ulimi, mdomo ufungwe, mpaka kilie. Kwapani kipimo husoma chini kidogo, kwa hiyo 37.6 ya kwapani kwa mtu anayetetemeka isikutulize. Usipime kwa njia ya haja kubwa kwa mgonjwa wa kemo. Mchubuko mdogo pale ni mlango wa vijidudu.

Pima kabla ya kumpa Panadol au parasetamoli yoyote. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwa familia zenye bidii: mgonjwa anasema kichwa kinauma, anapewa vidonge viwili, joto linashuka, kila mtu analala, na ugonjwa unaendelea kufanya kazi chini ya pazia. Dawa kama ibuprofen, diclofenac na aspirini usimpe bila idhini, kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa na damu wakati chembe za kugandisha damu zimepungua.

Ondoka nyumbani ukiona joto la 38 au zaidi. Ondoka pia akitetemeka kwa baridi, akichanganyikiwa, akipumua haraka, au akilegea ghafla, hata kama kipimajoto kinasema 36.8. Wazee na wanaomeza dawa za steroidi kama deksamethasoni wanaweza kuwa na maambukizi makali bila joto.

Mpeleke kwenye hospitali yenye idara ya dharura inayofanya kazi usiku kucha na yenye maabara: Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyo karibu na Northern Bypass, au hospitali kubwa iliyo karibu nanyi zaidi. Zahanati ya mtaani itawapotezea muda. Ukifika, usikae kwenye benchi kusubiri jina liitwe. Nenda moja kwa moja kwa muuguzi anayepanga wagonjwa kulingana na hali zao, ukiwa umeshika daftari, useme:

"Sista, mama yangu yuko kwenye kemo ya saratani ya matiti. Ya mwisho ilikuwa siku tisa zilizopita. Joto lake saa hii ni 38.4, na hajameza dawa yoyote ya kushusha. Tumeambiwa hii ni dharura."

Taja neno kemo kwanza, siku ya ngapi, kisha joto. Mpangaji wa wagonjwa anaona mama aliyeketi wima akijibu maswali, huku nyuma yenu kuna majeruhi wa ajali. Bila maneno hayo, ni rahisi kuwekwa nyuma ya foleni. Omba mahali palipo mbali na wanaokohoa, na mvike barakoa.

Mambo ya njiani yapangwe mchana, siku mkiwa watulivu. Ni dereva gani wa teksi hupokea simu usiku? Nani ana ufunguo wa lango la ploti? Nani atabaki na watoto? Mkoba ukae tayari ukiwa na daftari, kitambulisho, fomu za hospitali, shuka na chaja. Nambari za dharura nchini ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199. Mkizuiwa langoni kwa sababu ya malipo, Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kitaje kwa heshima, na uombe kumwona msimamizi wa zamu.

Hatua ya 8: Maumivu

Mgonjwa mwenye maumivu hapumui vizuri, hatembei, hali, halali. Kutuliza maumivu ni tiba kamili, na kumwambia mtu "vumilia" hakumsaidii kupona.

Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na pungufu ya hapo kwa aliyekonda sana au mwenye shida ya ini. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamoli ndani.

Mofini ya kunywa huwaogopesha watu. Wengi huamini ikitolewa, kifo kimebisha hodi. Watu huinywa kwa miezi, wakifanya kazi na kulea watoto, kwa sababu imewaondolea maumivu. Hutolewa kila baada ya saa nne kwa kufuata saa, bila kungoja maumivu yarudi. Nguvu ya dawa hutofautiana kutoka chupa moja hadi nyingine, kwa hiyo kila ukileta chupa mpya soma lebo upya na upime kwa sirinji. Kijiko cha jikoni hakipimi sawa. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo huisha. Kufunga choo hakuishi, na ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huanzishwa siku moja na mofini. Akiwa haamshiki, au anapumua chini ya mara nane kwa dakika, hiyo ni dharura.

Nairobi Hospice, iliyoanzishwa 1990 karibu na Hospitali ya Kenyatta, hushughulika na maumivu na hali nzima ya mgonjwa wa saratani na familia yake. Mnaweza kwenda mapema, matibabu yakiwa bado yanaendelea. Ningependa kila familia ifike huko mwanzoni, wakati bado kuna nguvu ya kuuliza maswali.

Hatua ya 9: Dharura nyingine zinazohitaji mikono yako

Damu ikitoka kwa wingi kwenye kidonda, kandamiza kwa kitambaa safi na kiganja, kwa nguvu, dakika kumi bila kufunua. Kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Bendeji ya tumbo ikilowa ghafla maji ya rangi ya waridi, hasa kati ya siku ya 5 na ya 10, kidonda kinaweza kuwa kinaachia kwa ndani. Nenda hospitali mara moja. Kikifunguka na utumbo ukaonekana, usiurudishe. Mlaze chali magoti yakiwa yamekunjwa, funika kwa kitambaa safi kilicholowanishwa maji ya chumvi, usimpe chakula wala maji, ita ambulansi.

Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi kukatika ghafla na kifua kuchoma: inaweza kuwa damu iliyoganda. Usiuchue mguu huo.

Mgonjwa wa saratani anayelalamika maumivu mapya ya mgongo, kisha miguu ikaanza kulegea au akashindwa kuhisi mkojo, huenda uti wa mgongo unabanwa. Hii husahaulika sana, huitwa uchovu au baridi yabisi. Aliyewahishwa akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Aliyekawia anaweza asisimame tena. Nenda siku hiyohiyo.

Tumbo lililojaa, kutapika kijani, na kutopitisha choo wala hewa: utumbo unaweza kuwa umeziba. Kutokojoa kwa saa nane, au kuhara mara nne zaidi ya kawaida yake kwa siku, pia hakungoji kliniki ya wiki ijayo.

Akianguka na asiitike wala kupumua sawasawa, mtu mmoja apige simu, wewe kandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpate kupokezana. Kwa mgonjwa ambaye saratani yake imefika mbali sana, muulizeni daktari mapema, yeye mwenyewe akiwepo na akiwa na akili timamu, kama angetaka afanyiwe hivyo. Ni mazungumzo magumu, lakini usiku wa tukio mtakuwa mnajua anachotaka.

Hatua ya 10: Baada ya kurudi, na kabla ya kemo inayofuata

Muuguzaji naye alale. Gawaneni usiku: mmoja hadi saa nane, mwingine hadi alfajiri. Mkiwa wawili tu nyumbani, mwombe jirani au mtu wa chama aje mchana kwa muda wa saa mbili, nawe ulale kwelikweli, simu ikiwa kwake.

Kama alilazwa kwa joto, alihara sana au alishindwa kula, beba daftari siku ya kliniki na umwonyeshe daktari kurasa hizo kabla hajaandika kemo nyingine. Mwambie siku ya ngapi joto lilipanda, lilifika wapi, na alipewa dawa gani. Kwa habari hiyo anaweza kupunguza kipimo, kusogeza tarehe, au kuongeza sindano ya kuinua askari wa damu. Damu yake ipimwe kwanza. Tarehe mpya ikishatolewa, iandike ukurasa wa kwanza, uzungushie duara siku ya 7 hadi ya 14, na ubadilishe betri ya kipimajoto kama inafifia.